Dobi Asiye na Sabuni

Shangazi yangu alikuwa dobi. Nguo za mtaa mzima alizianika uani, peupe, kila mtu azione. Za kwake mwenyewe zilikaukia ndani, nyuma ya kabati, kwenye kamba fupi ambayo hata mimi niliyelelewa naye chumba hicho hicho sikuruhusiwa kuigusa. Alisema nguo ya ndani ni kama kinywa cha mtu alfajiri, haihitaji watazamaji. Ndiyo maana alivuja damu muda mrefu bila yeyote kujua.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi mnamfahamu kwa ile picha kubwa iliyotundikwa kwenye lango la zahanati, na mimi nikiiona picha ile nasikia kinyaa. Yule si yeye. Acheni kwanza niwaambie yeye alikuwa nani.

Ufuaji aliujifunzia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akiwa msichana, kati ya mapipa ya mashuka yaliyotoka chumba cha upasuaji. Huko ndiko alikojua kwamba damu haitolewi kwa maji ya moto, maana inaganda, na kwamba shuka jeupe usilisamehe hata kidogo, kwa kuwa nalo halitakusamehe. Akaolewa na fundi saa, mtu mpole mwenye kikohozi, ambaye alikufa kabla hawajapata mtoto. Watu wakasema maneno yao kuhusu tumbo lake, kama kawaida ya watu. Yeye akanichukua mimi, mtoto wa kaka yake, akanilea kwa mvuke wa pasi.

Tuliishi chumba kimoja na nusu. Ile nusu ndiyo ilikuwa kazini kwake: mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali ukawa meza ya kupigia pasi, juu yake blanketi, juu ya blanketi shuka. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na aliipenda kuliko ya umeme kwa sababu, alivyosema, ya umeme inakwenda haraka kama mtu anayekimbia deni. Nguo ya mteja haikugusa sakafu. Haikuvaliwa hata kwa mzaha. Alikuwepo dobi mwenzake aliyevaa koti la mteja kwenda nalo harusini, akakutana na mwenye koti mlangoni, na kisa hicho Shangazi alinisimulia tangu sijaota meno ya utu uzima mpaka nilipoanza kazi yangu ya ususi.

Mtaani walimwita Mama Kola, kwa kuwa ukikutana naye alitazama kwanza ukosi wa shati lako ndipo akakutazama usoni. Hata msibani hakujizuia. Tukirudi kutoka kumzika mtu alininong'oneza kwamba marehemu alipendeza, ila wale waliombeba, Mungu awasamehe kola zao.

Siku aliyoanguka alikuwa anaanika mashuka. Nilitoka kwenye saluni, hatua chache tu kutoka uani kwetu, nikamkuta chini, shuka limemfunika nusu, na gauni lake jeusi limelowa. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku hizo alivaa nguo nyeusi tupu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari alisema ni uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, umekaa humo miaka, na damu yake imepungua mno. Kizazi kitolewe, tena mapema, la sivyo ataendelea kuvuja mpaka siku atakayoanguka asiamke. Gharama aliyoitaja sikuirudia hata moyoni.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuelekeza kwa Mfuko.

Mfuko ni bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, na haitafuti faida, hayo wameyaandika kila mahali wanapoweza kuandika. Wewe unachangia kidogo kwa mwaka, wafadhili wanajazia, unapewa kadi, na kadi inakufungulia mlango wa hospitali. Jambo zuri, sitalisema vibaya. Nimeona watoto waliopona kwa kadi hizo. Lakini ili upewe kadi lazima uwe maskini, na umaskini wa kusema kwa mdomo hautoshi. Mtu wa Mfuko anakuja nyumbani kwako kuutazama.

Shangazi alipoambiwa kuna mtu anakuja kututembelea, alisikia neno moja tu: mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alinikumbusha, na safari hii, akasema, methali imekuja kwa miguu yake. Sikuwa na akili ya kumzuia. Kwa kweli hata haikunijia kwamba kuna la kuzuia. Mgeni anakuja, nyumba inaandaliwa, tumekua hivyo.

Basi tukaandaa. Kuta alizifuta mwenyewe, akipumzika kila baada ya muda kidogo. Sofa tuliazima kwa jirani yetu muuza mkaa, sofa nene la rangi ya damu ya mzee, ambalo lenyewe lilikuwa limewahi kulala kwetu siku kadhaa wakati Mfuko ulipokwenda kumkagua yeye. Sisi tulidhani lile lilikuwa limeletwa kwetu kukwepa panya. Zulia lilitoka kwa mke wa fundi seremala, glasi kwa mama mwenye duka, kitambaa cha meza kilikuwa chake mwenyewe, cheupe, kimetiwa wanga mpaka kikasimama pembeni kama karatasi. Akavaa gauni lake zuri. Akapaka midomo mafuta isionekane ilivyopauka.

Mkaguzi wa Mfuko alikuwa kijana mnene mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Alikaa kwenye sofa, akalisukasuka kwa makalio kuona ulaini wake. Alikunywa juisi, akaongezwa. Alisifu nyumba. Shangazi aling'aa kwa sifa hizo, akamwambia karibu tena, karibu sana, hata bila kazi. Kijana akaandika, akaandika, akashukuru, akaenda.

Majibu yalikuja kwa maneno matatu: kaya ina uwezo.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, lakini hawakutuambia kwamba sofa la kuazima linaweza kukuua. Nilicheka kwa hasira, kisha nikalia. Shangazi hakulia. Aliuliza kwa dhati kabisa kama kijana yule hakupenda juisi.

Muuza mkaa aliposikia alikuja mbio, si kwa huruma, kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake. Alikuwa na kadi, yeye, mkewe na watoto wote, naye akatueleza umaskini unavyofanywa kama mtu anayeeleza kilimo. Mnaruhusiwa kukata rufaa baada ya miezi michache, akasema, na hapo msiweke kiti. Mtu akikaa vizuri anaandika vizuri. Msimpe kitu cha kunywa, akikiomba mwambieni maji yamekatika. Ukuta mwekundu au mweupe haufai, unatakiwa uwe na moshi. Na wewe Mama Kola, alimwambia Shangazi akimtazama toka utosini mpaka nyayo, wewe mwenyewe ndiye tatizo, umetakata mno.

Shangazi alimfukuza. Alimwambia kwamba yeye hawezi kumwigizia mtu uchafu, na kwamba akitaka kuona maskini atazame ndani ya moyo wake. Jirani akaondoka akiguna kwamba maskini jeuri huzikwa mapema. Nilitaka kumrushia karai, na nilijua pia kwamba anasema kweli.

Miezi ile ilimla. Karai la maji lilimshinda, nikawa ninamchotea kabla ya kwenda saluni. Halafu pasi ikamshinda. Alikuwa akipiga pasi shati moja, anakaa, anashika ukingo wa meza, anasema anasikiliza kama mkaa umewaka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Siku moja nilipasua jipu. Nilimwambia Shangazi, sina mama mwingine. Asubuhi iliyofuata alinituma mwenyewe nikamwite muuza mkaa.

Sijawahi kuona mtu akifurahia kazi kama jirani yetu siku ile. Nguo za wateja tulizihamishia saluni kwangu. Meza ya pasi ikavunjwa, mlango ukarudi kuwa mlango, ukaegemezwa nje. Kabati likaenda kwa seremala. Jirani akaleta vumbi la mkaa ndani ya debe, akalipaka kutani kwa mikono miwili, kwenye kuta zile zile ambazo Shangazi alikuwa akizifuta kila Jumapili tangu mumewe yuko hai. Mkewe akaleta gauni analovaa akipima mkaa. Lilikuwa gumu kwa jasho lililokaukia humo, na lilinuka. Shangazi alilivaa akiwa amefumba macho, nikamwona akijitahidi asitapike.

Jirani alizunguka chumba, akanusa. Kisha akaiona sabuni, mche mzima, na nusu nyingine kwenye kisahani, na paketi ya unga wa kufulia juu ya dirisha.

"Na hii itoke," akasema. "Maskini gani ana mche wa sabuni?"

"Mimi ni dobi," Shangazi akamwambia.

"Leo wewe si dobi. Leo wewe ni mgonjwa."

Nikaichukua sabuni nikaificha saluni, chini ya kiti cha kuoshea nywele.

Mkaguzi alipofika safari hii hakukaa, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Hakukaribishwa, na nilimwona Shangazi akiuma midomo kwa aibu ya kumwacha mgeni amesimama. Jambo lililonishangaza ni kwamba kijana yule alikuwa na furaha zaidi kuliko mara ya kwanza. Aliingia kila pembe. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama kidole, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Hakumkumbuka Shangazi hata kidogo. Alikuja na kamera, akasema ni picha za ofisini tu, za kumbukumbu, akampa karatasi ya kutia sahihi, naye akatia, kwa sababu ukishavaa gauni lile sahihi ni nini tena.

Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo hata leo naichukia, "Mama, hata sabuni hamna humu ndani?"

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Leo haipo," akasema.

Kijana akaandika hilo upesi, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Kadi ilitoka. Ilikuwa na jina lake na muhuri, na Shangazi aliifunga kwenye kitambaa kisafi akaiweka chini ya mto. Chumba tulikisugua mpaka vidole vikachubuka. Vumbi la mkaa ni jeuri, linaingia kwenye nyufa za plasta na kukaa humo. Gauni la mke wa jirani alilifua mwenyewe, mara mbili, akalipiga pasi, akamrudishia. Mwanamke yule alilishika mbele yake akauliza ni la nani.

Tulipangiwa tarehe ya upasuaji, tukaanza kungoja. Ndipo picha ikapandishwa.

Niliiona mimi kwanza, nikitoka sokoni kununua nywele za bandia. Ilikuwa kwenye lango la zahanati, ndani ya fremu ya kioo, kubwa kuliko mlango wetu. Shangazi yangu amekaa sakafuni na gauni la mkaa, ukuta mweusi nyuma yake, mikono imelegea, macho yanatazama pembeni, yalikonitafuta mimi. Chini yake maandishi makubwa: MAMA HUYU HAKUWA NA HATA KIPANDE CHA SABUNI. Na chini ya hayo, kwa herufi ndogo, namna ya kuuchangia Mfuko.

Nilisimama pale watu wakinipita. Nilitamani kuipasua kwa jiwe. Kwa mtu mwingine maneno yale yangekuwa ya kusikitisha tu. Kwa dobi ni sawa na kumwandikia mwalimu hajui kusoma, tena kwenye lango ambalo mji mzima unapita.

Wateja hawakuja kusema kitu. Watu hawasemi. Mwanasheria ambaye Shangazi alimfulia mashati meupe tangu anasoma alimtuma dereva kuchukua mashati yake, hata yale ambayo bado yamelowekwa, akayabeba yanachuruzika ndani ya mfuko wa plastiki. Bosi amesema afya yako kwanza, dereva akaeleza akitazama viatu vyake. Mama wa bibi harusi alikuja kuchukua gauni, akalinusa kwa siri akidhani hatumwoni. Wengine waliacha tu kuleta. Kamba ya uani ikabaki na vibanio vyake, imenyooka, haina kitu.

Nilikwenda ofisi za Mfuko. Nilipita kwenye korido yenye picha nyingine nyingi, watu wenye nzi, watu wenye miguu mitupu, na mhudumu akinikaribisha kwa tabasamu nikajiuliza kuna wangapi humo waliopakwa mkaa na majirani zao. Nilimkuta mkaguzi mezani kwake. Nikamwambia picha ile iondolewe, inamharibia mtu kazi.

Akaniuliza kazi gani. Kwenye maelezo, akasema, imeandikwa hana kazi.

Alikuwa mtu mvivu lakini hakuwa mjinga, akaweka kalamu chini. Kisha akasema polepole kwamba kama kuna maelezo yasiyo sahihi niyaseme sasa hivi, wayarekebishe, na kadi nayo irudi ikaguliwe upya. Tarehe ya upasuaji ilikuwa wiki iliyofuata. Niliaga. Kwenye ngazi nilitema mate, na sijutii.

Nilimweleza Shangazi yote. Kwa hasira nikasema bora tuirudishe kadi yao, tutafute njia nyingine, tuuze viti vya saluni. Alikuwa amekaa kitandani na miguu kwenye beseni la maji baridi, maana ilikuwa imevimba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Nikifa na jina safi, nani atalivaa?"

Basi tukapita chini ya picha ile kuchukua barua zahanati, ndipo tukaenda hospitali kupasuliwa. Walinzi wa lango walimtambua, mmoja akamwambia mwenzake huyo ndiye mama wa sabuni. Shangazi akamsalimia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alikuwa mtu wa maana, wauguzi walimhudumia kama mama yao, na hakuna aliyetudai chochote. Hayo nayo lazima niyaseme, ingawa yananikera kuyasema, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kuwachukia wote. Alipozinduka aliuliza mashuka ya kitanda chake yanafuliwa wapi. Nikajua atapona.

Rangi ilimrudia. Midomo ikawa midomo. Ndipo ikaja barua ya mwaliko: Mfuko unafanya hafla ya wafadhili, na Shangazi ameombwa aje kusema neno la shukrani. Mkaguzi aliileta mwenyewe, na kabla hajaondoka akanivuta pembeni. Akasema itapendeza mama akija na nguo zile za kwenye picha, ili wageni wamtambue.

Nilimfungulia mlango atoke. Niliogopa nikifungua mdomo kitakachotoka.

Nilipomweleza Shangazi hakukasirika. Alinituma nitoe gauni lake jeupe. Daktari alikuwa amemkataza kuinua kitu chochote, kwa hiyo maji nilichota mimi, nilifua mimi, nilichemsha wanga mimi, naye alikaa kwenye kigoda akiniamrisha, suuza tena, hapo kwapani hukufika, unaua gauni wewe. Pasi aliniachia kwa shingo upande. Nilirudia kola mara nyingi mpaka akaridhika, na hata hivyo hakusema nimefanya vizuri, alisema itafaa.

Ukumbi ulikuwa na vitambaa kwenye viti na ile picha jukwaani, imekuzwa maradufu. Tulipoingia mhudumu alitupokea kwa heshima, akatupeleka meza ya mbele, kwa wageni. Mkurugenzi wa Mfuko, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, alitupita mara mbili akimtafuta Shangazi. Nilimsikia akimwuliza mkaguzi kwa wasiwasi kama mnufaika ameshafika. Bibi mmoja mfadhili aliyekaa jirani yetu alimgeukia Shangazi, akalisifu gauni lake, kisha akamnyooshea kidole picha na kusema kwamba inasikitisha sana, mtu kukosa hata sabuni, na je, yeye anauchangia Mfuko tangu lini. Shangazi alimwambia amejiunga karibuni.

Mkaguzi ndiye aliyemtambua mwishoni, kwa kunitambua mimi. Uso ulimshuka. Lakini jina lilikuwa limeshatajwa kwenye kipaza sauti, na Shangazi alikuwa ameshasimama.

Alipanda jukwaani taratibu, mkono mmoja tumboni. Alisimama pembeni ya picha. Watu wakatazama picha, wakamtazama yeye, wakarudi kwenye picha, na minong'ono ikaanza. Yeye alikishika kipaza sauti kama kitu kinachoweza kuchafua.

"Nashukuru," akasema. "Nilikuwa nakufa, mmeniponya. Mungu awalipe, na wale madaktari pia. Nasema kwa moyo wangu wote." Akaigeukia picha. "Ila sabuni nilikuwa nayo."

Akarudisha kipaza sauti, akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha mmoja alipiga, mawili matatu, akaacha. Mkurugenzi alipanda haraka akasema tunamshukuru mama yetu, kama mnavyoona amepata nguvu hata za utani. Watu wakacheka kwa raha ya kuondolewa mzigo. Chakula kikaletwa. Nilikitazama kile chakula, na ile picha juu yake, nikasukuma sahani. Shangazi alikula chake chote, akifuta pembe za mdomo.

Mtaani walimkasirikia. Ilisemekana Mfuko sasa utakagua upya kaya zote, na usiku uleule sofa la muuza mkaa likaanza kuhama nyumba hadi nyumba kama mhamaji. Jirani alikuja kusimama mlangoni kwetu akamwambia Shangazi ana roho mbaya, kala kashiba halafu kapindua sahani. Shangazi akamwuliza kama kola ya shati hilo imewahi kuona maji. Mimi sikumcheka. Alikuwa na watoto, na watoto wake waliihitaji kadi kama yeye Shangazi alivyoihitaji, na wote tulikuwa tumepakwa mkaa uleule. Hasira yangu haikujua pa kukaa.

Mkaguzi alikuja kuchukua kadi. Alikuta kiti kimetolewa, kiti chetu wenyewe, cha mbao, na juu ya stuli glasi ya maji kwenye kisahani chenye kitambaa cheupe. Hakuna kilichoazimwa. Alisita, akakaa, akanywa. Alisema ni utaratibu tu, kaya imeonekana ina uwezo, na maelezo ya awali yalikuwa na kasoro. Shangazi alikwenda kuitoa kadi chini ya mto, ikiwa bado ndani ya kitambaa chake, akaikunjua, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhi nguo ya mteja.

Nilimwuliza kijana, na picha je? Akasema zile tayari zimelipiwa na wafadhili, zitabaki mpaka mwaka wa fedha uishe, halafu itaonekana. Yaani maelezo ya kadi ni ya uongo, ya picha ni ya kweli. Nilimwambia hivyo. Akaniambia hilo ni la idara nyingine.

Mwaka wa fedha umeisha na mwingine umeanza. Wateja wamerudi wachache, wale wa mbali wasiopita zahanati. Mwanasheria hajarudi. Dawa za kuongeza damu tunanunua wenyewe.

Picha bado ipo. Kila Jumamosi Shangazi huchukua kitambaa na kikopo cha maji ya sabuni, anakwenda mpaka langoni, na kukifuta kioo chake, kwa kuwa barabara ile ina vumbi na hakuna mwingine anayeifuta. Walinzi wamemzoea. Mimi nilimkemea sana. Nilimwambia anawafanyia kazi watu waliomvua nguo hadharani, aiache ioze, ifunikwe na vumbi mpaka asionekane mtu. Alikuwa anakamua kitambaa, hakuniangalia.

"Uso ni wangu, mwanangu," akasema. "Nitauachaje mchafu?"